Kwa Nini Abiria Husukumwa Mbele Gari Likisimama?

Umepanda daladala kutoka Mwanakwerekwe kwenda mjini Unguja. Umekaa kwenye kiti kirefu cha pembeni. Ghafla mbuzi anakatiza barabara, dereva anakanyaga breki, na abiria wote wanalaliana upande wa mbele. Hakuna aliyewasukuma. Gari limepunguza kasi, lakini miili ya abiria inaelekea kuendelea kwa kasi ile ile ya kwanza. Jambo hili tunaweza kulipima.

Kwanza itazame nazi inayoanguka kutoka mnazini. Inapoachia kishada haina kasi. Baada ya sekunde 1, kasi yake ni karibu mita 10 kwa sekunde. Kama mnazi ungekuwa mrefu sana, baada ya sekunde 2 kasi ingekuwa karibu mita 20 kwa sekunde. Badiliko la kasi katika kila sekunde huitwa mchapuko. Mchapuko wa kitu kinachoanguka husababishwa na kani ya mvutano ya dunia, nao huandikwa kwa herufi g. Kipimo chake ni karibu 9.8, lakini hapa tutatumia 10 ili hesabu iwe rahisi.

Sasa turudi garini. Tuseme gari lilikuwa na kasi ya kilometa 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, nalo likasimama kwa sekunde 2.

10 ÷ 2 = 5
5 ÷ 10 = 0.5

Hiyo ni g 0.5. Maana yake, ili usiteleze kitini, ni lazima uzuiwe kwa kani iliyo sawa na nusu ya uzito wako. Ukishika bomba imara, utaweza.

Lakini gari hilo hilo likigonga mwembe, huenda likasimama kwa sekunde 0.1 tu.

10 ÷ 0.1 = 100
100 ÷ 10 = 10

Hiyo ni g 10. Tuseme mama amempakata mtoto wa kilo 12. Wakati huo, kumzuia mtoto huyo ni sawa na kubeba mzigo wa kilo 120. Hakuna mama awezaye, hata ampende mwanawe namna gani. Kwa sababu hiyo mikanda ya usalama hufungwa kwenye gari lenyewe.

Angalia kwamba kasi haikubadilika. Kilichobadilika ni muda wa kusimama. Vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani wanalijua jambo hili bila ya kupiga hesabu. Maji yakijaa, bahari huwasimamisha kidogo kidogo. Yakipwa, mtu aweza kusimamishwa na mwamba, tena mara moja.

Maswali

1. Gari lenye kasi ya mita 20 kwa sekunde lilisimama kwa sekunde 4. Abiria walizuiwa kwa g ngapi?

2. Boti iliondoka bandarini Malindi kwenda Dar es Salaam. Ilifikia kasi ya mita 15 kwa sekunde baada ya sekunde 60. Tafuta mchapuko wake. Kwa nini chai ya abiria haikumwagika kikombeni?