Afya ya Anayerusha Ndege Yake Mwenyewe

Mchumaji wa karafuu aliye juu ya mti huko Kizimbani akiinua uso huona ndege ndogo za injini moja zikipanda kutoka Kisauni kuelekea Pemba, au zikirudi kushuka Unguja. Kizimbani ni miongoni mwa mashamba ambamo mikarafuu ya mwanzo ya kisiwa hiki ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19, na watu wake wanaijua hatari ya kimo bila ya kufundishwa na daktari. Aliyeamka na kizunguzungu hapandi mkarafuu siku hiyo. Hubaki chini akachambua vikonyo. Rubani wa ndege ndogo hukabiliwa na uamuzi wa namna hiyohiyo kila asubuhi. Tofauti ni kwamba mchumaji akianguka huanguka peke yake.

Makala hii inamhusu zaidi rubani mwenye ndege yake: mkulima mkubwa, mwenye hoteli, mmisionari, mtafiti wa wanyamapori au daktari. Ni watu wachache, lakini abiria wao ni wengi, na wote hutibiwa katika zahanati na hospitali zetu kama watu wengine. Kwa hiyo mtoa huduma za afya asidhani kwamba suala hili ni la mamlaka za anga pekee.

Historia ya tiba katika Afrika Mashariki yenyewe ina deni kwa ndege za aina hii. Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyeishi Kenya, alianza kujifunza urubani akiwa na umri wa takriban miaka 45, umri ambao wengi huanza kuhesabu siku za kustaafu. Mwaka 1964 alijiunga na huduma ya Madaktari Warukao ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957. Kwa ndege yake ndogo aina ya Piper alivihudumia vijiji vya kaskazini mwa Kenya na visiwa vya Lamu, akishuka na masanduku ya chanjo mahali ambapo barabara haikufika, na wenyeji wakampa jina la Mama Daktari. Alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 80, na hakufariki kwa ajali ya ndege. Kwa mtu aliyetua kwa miaka mingi kwenye viwanja vya mchanga na majani, hilo si jambo dogo.

Rubani wa shirika la ndege ana watu wa kumzuia. Iko ofisi inayopanga zamu, yuko rubani mwenzake anayeona macho mekundu, yuko msimamizi anayeweza kusema leo usiruke. Mwenye ndege binafsi ni mwajiri wake mwenyewe, mpangaji wa safari yake, na mara nyingi ndiye mwenye haraka kuliko wote. Akiwa daktari mwenye mgonjwa anayemsubiri upande wa pili, haraka hiyo huvaa kanzu ya wema, na hapo ndipo inapokuwa ya hatari zaidi.

Kizuizi cha lazima alichonacho ni cheti cha afya. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinataka rubani wa ndege binafsi apimwe na daktari mtahini aliyeidhinishwa, na hapa Tanzania mwenye dhamana ya kuidhinisha ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa viwango hivyo vya kimataifa, cheti cha rubani binafsi aliye chini ya miaka 40 huweza kudumu miezi 60. Akishavuka 40 hupungua hadi miezi 24. Na baada ya 50 inapendekezwa apimwe kila miezi 12. Hupimwa macho pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo, shinikizo la damu, mkojo, mfumo wa fahamu na afya ya akili. Swali kuu la mtahini halifanani na letu la kila siku kliniki. Sisi huuliza kama mgonjwa atapona. Yeye huuliza kama mtu huyu anaweza kupoteza fahamu au uamuzi kwa ghafla akiwa angani. Kifafa, maumivu ya moyo, kisukari kinachotibiwa kwa insulini na kuzimia kusikojulikana chanzo hupewa uzito mkubwa kwa sababu hiyo.

Lakini cheti ni picha ya siku moja. Miezi 24 ni muda wa kutosha kupata malaria, kufiwa, kukosa usingizi kwa mtoto mchanga, na kununua dawa za mafua dukani mara kadhaa. Nadhani uzembe wetu mkubwa sisi watoa huduma uko hapa: tunaandika dawa bila ya kuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Klorofenamini, ambayo wengi huiita Piritoni, hutolewa kwa mafua na muwasho kana kwamba ni peremende. Huleta usingizi, hupunguza wepesi wa kuitikia, na athari yake huweza kubaki hadi kesho yake wakati mtumiaji mwenyewe anajiona yu mzima. Dawa za kikohozi zenye kodeini, dawa za usingizi, na meflokwini ya kukinga malaria, ambayo huweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili, zote hazifai kwa anayekwenda kurusha ndege. Hata mafua yasiyotibiwa yana hatari yake. Mrija unaounganisha koo na sikio ukiwa umevimba, hewa iliyomo sikioni haisawaziki wakati wa kushuka, na rubani hupata maumivu makali au kizunguzungu dakika zilezile anazohitaji utulivu ili kutua.

Kizunguzungu kinastahili maelezo zaidi, kwa sababu kuna aina yake moja inayompata mtu mwenye afya kamili. Ndani ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda nusu duara na kujaa majimaji. Kichwa kikizunguka, majimaji huchelewa, vinyweleo vilivyomo huinama, na ubongo huarifiwa kwamba tunageuka. Mzunguko ukiendelea kwa mwendo uleule kwa sekunde 20 hivi, majimaji huufikia mwendo wa mrija, vinyweleo husimama, na ubongo huamini kwamba kuzunguka kumekwisha. Ukiacha kuzunguka, huamini kwamba sasa unageukia upande wa pili. Na ukianza kuinama polepole mno, sikio halitambui chochote. Anayetaka ushahidi na amkalishe mwenzake kwenye kiti cha kuzunguka, amfunge macho, amzungushe taratibu kwa nusu dakika, kisha akisimamishe kiti na kumwuliza anaelekea wapi.

Mchana wa jua macho hulisahihisha sikio, kwa kuwa rubani anauona upeo ambapo mbingu na bahari hukutana. Akiingia ndani ya wingu la masika, au akikatiza bahari baina ya Unguja na Bara usiku usio na mwezi wakati hewa imejaa ukungu, upeo hupotea na sikio hubaki kiongozi peke yake. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwapima wanafunzi 20 wa urubani wasiofundishwa kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege. Walipoondolewa uwezo wa kuona nje, wote 20 walifikia hali ya hatari, kwa wastani wa sekunde 178. Hizo hazitimii dakika tatu. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, alikuwa akiirusha ndege yake juu ya bahari yenye ukungu pamoja na mkewe na dada wa mkewe. Hakuwa na idhini ya kuruka kwa vipimo peke yake. Wote watatu walikufa, na wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza udhibiti wa ndege kwa sababu hisia zake za mwelekeo zilimpotosha. Tiba ya hali hii haimo katika duka la dawa. Ni mafunzo ya kuviamini vipimo kuliko mwili, na kabla ya hapo, ni kukubali kulala ugenini mpaka asubuhi.

Hatari nyingine haina harufu. Katika ndege nyingi za injini ya pistoni, hewa ya kupasha joto chumba cha rubani hupitishwa karibu na bomba la moshi. Bomba likiwa na ufa, monoksidi ya kaboni huingia ndani na kushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mchezaji mpira Emiliano Sala alikufa tarehe 21 Januari 2019 ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka baharini baina ya Ufaransa na Uingereza. Damu yake ilikutwa na asilimia 58 ya hemoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo. Joto la kwetu halimlazimishi rubani kuwasha kipasha joto, lakini bomba lenye ufa halichagui hali ya hewa. Kifaa cha kutambua gesi hiyo kina bei ndogo mno kikilinganishwa na gharama za kumiliki ndege. Na rubani akija kliniki akilalamika kwamba kichwa humwuma kila anaporuka, tusikimbilie kumpa parasetamoli.

Ziko ajali ambazo hakuna daktari anayeweza kuzizuia. Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alikufa tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege yao iliyopakwa milia ya punda kugongana na tumbusi. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Kwetu Visiwani lazima nitaje Ramadhani. Rubani aliyefunga anayeruka saa tisa alasiri amekosa maji kwa saa nyingi, amekatiza usingizi kwa ajili ya daku, na yumo ndani ya chumba kinachochomwa na jua. Upungufu wa maji na wa sukari hupunguza umakini kabla ya kuleta dalili nyingine. Asafiri asubuhi mapema, au aiahirishe safari. Na akiwa msafiri, dini yenyewe imempa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Suala gumu kuliko yote ni la kuficha maradhi. Rubani anajua kwamba akitaja maumivu ya kifua, kifafa cha utotoni au huzuni isiyoisha, cheti chake kinaweza kusimamishwa. Hivyo huenda kwa daktari asiyemjua, akajiita mfanyabiashara. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa shirika la Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps na kuua watu wote 150. Ilibainika kwamba madaktari walikwisha kumwandikia kuwa hafai kazini, lakini mwajiri hakuambiwa. Wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza kanuni zilizo wazi zaidi kuhusu lini daktari avunje siri ili kuokoa maisha ya wengine. Mimi naona siri ya mgonjwa ni nguzo isiyochezewa, ila nguzo hiyo haikujengwa ili abiria wafie chini yake. Daktari aanze kwa kumshauri rubani ajisimamishe mwenyewe, amweleze kwamba maradhi mengi yakitibiwa vizuri humruhusu kurudi angani, na aandike ushauri huo kwenye faili. Akikataa, na hatari ikiwa ya wazi, daktari asibaki na mzigo huo peke yake. Ausogeze kwa wakuu wake wa kitaaluma siku hiyohiyo.

Neno kwa abiria. Ndege hizi ndogo kwa kawaida hazina mfumo wa kuhifadhi shinikizo la hewa ndani, hivyo kimo cha ndege ndicho kimo cha mapafu. Safari fupi ya kwenda Dar es Salaam huwa haileti shida kwa wengi, lakini mwenye upungufu mkubwa wa damu, seli mundu au maradhi ya mapafu amwone daktari kwanza, na aliyefanyiwa upasuaji wa jicho akawekewa gesi asipande kabisa mpaka gesi iishe. Waliozamia Mnemba au Nungwi kwa mitungi ya hewa wangoje angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupumzika njiani, na angalau saa 18 baada ya mbizi nyingi. Waliolazimika kusimama njiani wakati wa kupanda juu wangoje zaidi ya hapo. Mwenye hoteli anayezamia na wageni wake asubuhi kisha akawarusha mwenyewe jioni anaingia katika hesabu hiyohiyo, na viungo vikianza kumwuma juu ya bahari hatakuwa na wa kumkabidhi usukani.