Kwa Nini Mbwa Mchanga Hulamba na Kutafuna Miguu Yake

Aghalabu utamwona mbwa mchanga ameketi chini ya mwembe, amejikunja, huku akilamba wayo wake kama alambaye mfupa. Hulamba, huguguna katikati ya vidole, husimama akaenda hatua mbili tatu, kisha huketi na kuanza tena. Mwenye mbwa akiulizwa hujibu kwamba anacheza, au kwamba anajisafisha. Pengine ni kweli, maana kila mbwa hujilamba kidogo baada ya kula na baada ya kukanyaga tope. Lakini mbwa anayeurudia mguu ule ule asubuhi na jioni, hata manyoya yakalowa na, kama ni meupe, yakageuka rangi ya kutu kwa ajili ya mate, huyo hachezi. Liko jambo linalomsumbua, naye hana mkono wa kujikuna wala maneno ya kulalamika. Ulimi wake ndio dawa yake ya pekee.

Katika nchi yetu ya Pwani, kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui, na huko bara upande wa Ganze na Magarini, jambo la kwanza la kushuku ni funza, ambaye baadhi ya watu humwita tekenya. Mshike mbwa wako kwa upole, umgeuze mguu penye mwanga wa jua, utazame nyama za nyayo, kando ya kila ukucha na katikati ya vidole. Ukiona uvimbe mdogo mweupe wenye nukta nyeusi katikati, mfano wa jicho la samaki, umekwisha kupata jibu. Mara nyingi hutaona mmoja tu, bali wengi waliosongamana, na ngozi imekuwa ngumu na kupasuka.

Funza ni jamii ya kiroboto, naye ni mdogo kuliko viroboto wote tuwajuao: urefu wake ni kama milimita moja. Hukaa katika mchanga mkavu na vumbi. Si mrukaji hodari. Aweza kuruka kiasi cha sentimita 20 tu, na ndiyo sababu humpata mtu miguuni na mbwa nyayoni. Jike huchimba ngozi akaingia kichwa mbele, akaacha tundu dogo nyuma kwa kupumulia na kwa kutagia. Hiyo ndiyo ile nukta nyeusi. Akiisha kuingia hunywa damu na kuvimba, na katika muda wa wiki moja au mbili huwa mkubwa kama punje ya dengu au zaidi. Hapo hutoa mayai, mamia kwa hesabu, nayo huanguka chini. Baada ya wiki nne hivi hufa humo humo ndani ya ngozi.

Yafaa tuliangalie vizuri jambo hili la mayai, kwa maana wengi hulikosea. Mayai hayaanguliwi ndani ya mguu. Huanguliwa mchangani baada ya siku chache, yakatoka mabuu wadogo walao takataka za vumbini, na baada ya wiki tatu au nne hivi wamekuwa funza kamili. Basi mbwa mwenye funza ni kama mpanzi: kila alalapo hupanda mbegu, na mahali alalapo ndipo zitakapoota. Akilala mlangoni, mlango ndio shamba. Akilala jikoni karibu na majivu ya joto, kama wapendavyo watoto wa mbwa, jiko ndilo shamba.

Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Amerika, na habari za kufika kwake zinajulikana. Mwaka 1872 meli moja ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola, nayo ilikuwa imebeba mchanga wa kuipa uzito. Mchanga ule ulikuwa na funza. Kutoka hapo walisafiri pamoja na misafara ya wapagazi na askari, wakaivuka Kongo, na kabla ya mwaka 1900 walikuwa wamekwisha kufika pwani yetu na Unguja. Kwa hiyo babu zetu waliozaliwa mapema katika karne ile ya 19 hawakumjua kabisa.

Majira ya funza ni majira ya ukavu. Wakati wa mvua za masika, mwezi wa Aprili hata Juni, mchanga hushikamana na wengi wao hufa. Lakini kaskazi ikivuma, Januari na Februari, vumbi likiwa laini kama unga, ndipo mbwa huanza kuguguna miguu na watoto huanza kutembea kwa visigino.

Tumetaja watoto kwa makusudi. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kufika katika mji mmoja wa shamba, si mbali na Kakuyuni, akamkuta mbwa mchanga mwekundu akijitafuna miguu hata damu inatoka. Mwenyeji, mzee mwenye adabu sana, aliomba radhi kwa kelele za mbwa akasema kwamba ana tabia mbaya tangu kuzaliwa. Lakini kando ya mbwa yule aliketi kijana wa miaka sita hivi, mjukuu wake, naye alikuwa ameficha miguu yake chini ya kanga ya mama yake. Tulipomwomba atuonyeshe, alikataa. Mama yake alimsemesha kwa Kigiriama, polepole, ndipo akaivuta kanga. Vidole vyake vilikuwa katika hali ile ile ya mbwa. Alikuwa hajaenda shule kwa muda wa majuma mawili, kwa sababu wenzake walimcheka. Mbwa alikuwa ameeleza habari ya nyumba nzima, ila hakuna aliyemsikiliza.

Tunajua kwamba nyumba nyingi za Waislamu mijini hazifugi mbwa ndani, na walio nao huwaweka kwa ulinzi wa shamba na mifugo. Lakini funza hachagui. Huingia kwa paka, mbuzi, nguruwe na hata panya, na mbwa asiye na mwenyewe hupita uani kwa kila mtu.

Sasa, afanyeje mwenye mbwa? Kama funza ni wachache, mguu uoshwe kwa maji na sabuni, kisha atolewe kwa sindano safi iliyochemshwa, kwa kupanua lile tundu kidogo kidogo mpaka atoke mzima. Asipasuliwe ndani. Kidonda kioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu, na funza achomwe motoni, asitupwe mchangani. Wakiwa wengi, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo au afisa wa mifugo aliye karibu, maana ziko dawa za viroboto za kupaka au za kumeza ambazo hupimwa kwa uzito wa mbwa, na mbwa mchanga hapimiwi sawa na mkubwa.

Kwa mwanadamu, kuchokoa kwa mwiba au kwa pini ni hatari kubwa kuliko funza mwenyewe. Pepopunda huingia kwa mlango huo. Tena pini moja ikizungushwa kutoka kwa mtoto huyu hata yule yaweza kuchukua virusi vya Ukimwi na ugonjwa wa ini. Katika zahanati nyingi dawa iliyozoeleka ni ile ya zambarau iitwayo potasiamu pamanganeti, ambayo mguu hutiwa humo. Mafuta ya dimetikoni yamethibitika kuwa bora, kwa kuwa huziba tundu la funza akafa kwa kukosa pumzi, bila ya kukatwa ngozi. Wenyeji wa Pwani watafurahi kusikia pia kwamba mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi yalijaribiwa kwa watoto hapa Kenya, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Katika siku saba hayakuua funza wengi kuliko ile dawa ya zambarau, lakini yalipunguza uvimbe na maumivu. Basi wazee wetu hawakukosea sana.

Lakini kutibu mguu na kuacha sakafu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Wachunguzi wamekuta mabuu ya funza ndani ya vyumba vya kulala, katika sakafu za mchanga, mahali mvua isipofika. Kwa hiyo sakafu ya saruji ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Asiye na uwezo wa saruji na aikandike sakafu yake kwa udongo mpaka iwe ngumu isiyo na nyufa, ainyunyizie maji kabla ya kufagia, na taka aichome. Miguu ya watoto ioshwe kwa sabuni kila jioni. Mbwa naye apewe mahali pake pa kulala, mbali na mkeka wa mtoto, penye ardhi ngumu ifagiliwayo kila siku.

Ikiwa umetazama na hukuona funza, usikate tamaa, kwani ziko sababu nyingine. Mwiba au mbigili ni jambo la kawaida. Mbwa hulamba mguu mmoja tu, na huchechemea. Kando ya bahari, huko Watamu na Kilifi, mawe ya matumbawe hukata nyayo kama wembe, na chumvi huzidisha uchungu. Mchanga wa saa saba za mchana nao huchoma. Weka kiganja chako chini, uhesabu mpaka saba; kama huwezi kuvumilia, mbwa pia hawezi.

Liko pia jambo la safura. Minyoo ya safura ya mbwa hukaa tumboni, lakini watoto wao huishi katika mchanga wenye unyevu na huingia kwa kupenya ngozi ya nyayo, hasa katikati ya vidole, ndipo mbwa akawashwa na kulamba. Watoto wa mbwa hupata minyoo hii hata katika maziwa ya mama yao. Tazama ufizi: ukiwa mweupe badala ya mwekundu, na choo chake ni cheusi, mpeleke upesi, kwa kuwa mbwa mdogo aweza kufa kwa kupungukiwa na damu. Mwanadamu akikanyaga mchanga huo bila viatu hupata mistari myekundu itambaayo chini ya ngozi.

Viroboto wa kawaida na kupe huonekana kwa macho, wala hatuna haja ya kuwaeleza sana. Utitiri wa upele hauonekani. Hujulikana kwa manyoya kunyonyoka, ngozi kuwa na magamba, na mbwa kujikuna usiku kucha. Aina moja ya utitiri huwapata hasa mbwa walio chini ya mwaka mmoja. Tena wako mbwa ambao miili yao haipatani na chakula fulani, au na majani na vumbi, kama vile watu wengine wasivyopatana na kamba au kaa. Hao hulamba miguu yote minne, na huwashwa masikio pia. Na mwisho yuko mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa pasipo kazi wala mwenzake. Huyo hulamba kwa uchovu wa moyo, mpaka akajitia kidonda. Kwa vyovyote vile, kulamba kukizidi hulowesha ngozi, na mahali penye unyevu ukungu huota, ukungu ukaleta mwasho mpya, mwasho ukaleta kulamba.

Twawaomba sana wasomaji wasitumie mafuta ya taa, wala mafuta machafu ya motokaa. Huchoma ngozi, na mbwa atayalamba yote. Dawa ya josho ya ng'ombe isimwagwe juu ya mtoto wa mbwa kwa kukisia. Vidonge vya maumivu vya watu, mathalani parasetamoli na ibuprofeni, vyaweza kumuua. Na dawa nyingine za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, zile zenye pamethrini, ni sumu kali kwa paka, hata kama ni paka aliyelala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Pengine mguu anaoutafuna mbwa ni mahali alipoumwa na mbwa mwingine au na mbweha, na kidonda kimekwisha kufunga. Kichaa cha mbwa huweza kuanza hivyo: mnyama huguguna mahali pale palipoingia sumu. Ugonjwa huu unajulikana Kenya tangu mwaka 1912, na serikali ilijiwekea mpango wa kuanzia mwaka 2014 wa kuumaliza kwa watu ifikapo mwaka 2030. Lakini mpango hauwezi kumchanja mbwa ambaye mwenyewe hakumleta. Kilebu achanjwe afikishapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kama mbwa alambaye mguu amebadilika tabia, anauma vijiti na mawe, anatokwa na mate, sauti imemkauka au taya limelegea, usimfungue kinywa kutafuta mfupa uliokwama. Mfungie mahali, uwazuie watoto, na umwite afisa wa mifugo.

Na mtu aliyeumwa au kukwaruzwa naye, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano za kinga, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikiisha kumtokea mwanadamu hakuna dawa iwezayo kumrudisha, bali sindano zikianza mapema na kumalizwa zote kama zilivyopangwa, atapona.