Kumtumaini Mungu: Mwongozo na Rehema katika Maisha ya Mkristo

Kumtumaini Mungu ni kuyaweka maisha mikononi mwake, katika kuomba mwongozo na katika kuomba rehema. Mkristo huomba mwongozo kwa kuwa haijui kesho. Huomba rehema kwa kuwa hata aliyeonyeshwa njia hujikwaa. Maombi haya mawili huenda pamoja. Zaburi ya 23 humtaja Mungu kuwa mchungaji anayeongoza, kisha humalizia kwa fadhili zinazomfuata mtu siku zote. Anayejua kwamba atapokelewa akirudi, kama yule mwana mpotevu wa Luka 15, haogopi kuuliza njia.

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Boko na Bunju upande wa Kinondoni, imani hii hulelewa zaidi katika jumuiya. Wakazi wengi huko wamehamia kutoka mikoani, na ndugu zao wako mbali. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, walizipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele katika uchungaji. Katika jumuiya hizo majirani hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, mara nyingi Jumamosi alfajiri kabla ya shughuli za siku. Husoma Injili, hutafakari, huombeana, na huchanga kwa ajili ya wagonjwa na wafiwa. KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), iliyoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba ya Kilutheri, nayo ina jumuiya za namna hiyo katika sharika zake.

Mwongozo wa Mungu hutafutwa kwa Neno, kwa sala na kwa ushauri wa waamini wengine. Kijana anayetaka kuoa husali, huzungumza na wazazi, huenda kwa padri au mchungaji na kupata mafundisho ya ndoa. Kisha ndoa yake hutangazwa kanisani, kwa kawaida Jumapili tatu. Utaratibu huo humpa nafasi ya kupima nia yake, na huwapa wengine nafasi ya kusema wanalolijua. Kwa hiyo anayeahidi jibu la Mungu papo hapo, tena kwa malipo, anastahili kupimwa kwa makini. Mungu hauzi mwongozo wake.

Rehema nayo ina njia zake. Wakatoliki huungama katika sakramenti ya kitubio. Walutheri huungama pamoja ibadani na kutangaziwa msamaha. Tangu mwaka 2000, Kanisa Katoliki duniani huadhimisha Jumapili ya Huruma ya Mungu wiki moja baada ya Pasaka. Kwa Waanglikana, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mlei Edmund John, mdogo wake Askofu Mkuu wao John Sepeku, aliongoza jijini Dar es Salaam mikutano ya kuwaombea wagonjwa iliyovuta watu wa madhehebu mbalimbali. Alisisitiza toba, kwani kwake uponyaji wa mwili haukutengana na kupatana na Mungu. Alifariki mwaka 1975, na huduma yake ikaendelezwa na wenzake.

Aliyerehemiwa naye hudaiwa kurehemu. Ndiyo maana waamini huwatembelea wagonjwa katika hospitali za Temeke na Mwananyamala, hukesha msibani, na husamehe jirani aliyewakosea. Jumuiya inayosali bila kumjali mwenye njaa mtaani haijaielewa rehema inayoiomba.

Yapo maombi ambayo majibu yake hayaji kama yalivyotarajiwa. Mgonjwa hufa, kazi haipatikani. Yesu mwenyewe, pale Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee, kisha akayakubali mapenzi ya Baba. Kutumaini si kukaa na kukunja mikono: Mkristo hutafuta dawa, hufanya kazi kwa bidii na huwapeleka watoto shule. Hufanya hayo yote akiamini kwamba Mungu yuko pamoja naye, yafanikiwe au yasifanikiwe, na kwamba rehema zake hazimwishii anayemrudia.