Nafasi ya Vipimo vya Kingamwili katika Utambuzi wa Maradhi ya Ini Yatokanayo na Kinga ya Mwili Kujishambulia

Katika maradhi haya, mfumo wa kinga huishambulia tishu ya ini kana kwamba ni kitu kigeni. Makala haya yanajadili aina mbili: homa ya ini ya kujishambulia, ambamo seli za ini zenyewe huharibiwa, na kolanjaitisi ya msingi, ambamo vijia vidogo vya nyongo ndani ya ini huharibiwa. Uchovu hujitokeza katika zote mbili, lakini tiba ni tofauti: ya kwanza hutibiwa kwa prednisoloni na azathioprini, ya pili kwa asidi ya ursodeoksikoliki. Kwa hiyo, kosa la utambuzi huzaa kosa la tiba.

Katika kipimo cha mng'ao, seramu ya mgonjwa huzimuliwa, kisha huwekwa juu ya vipande vyembamba vya ini, figo na tumbo la panya. Kingamwili zilizonasa hutambuliwa kwa rangi inayong'aa chini ya darubini. Matumizi ya tishu tatu yana sababu. Kingamwili za mitokondria na zile za mikrosomu za ini na figo zote huing'arisha mirija ya figo, na msomaji asiye makini huweza kuzichanganya. Hata hivyo, zile za mitokondria huzing'arisha pia seli za tumbo zinazotoa asidi, ilhali zile za mikrosomu hazifanyi hivyo.

Kingamwili za kiini cha seli na za misuli laini huambatana na aina ya kwanza ya homa ya ini ya kujishambulia. Zile za mikrosomu huambatana na aina ya pili, ambayo huwapata zaidi watoto. Kingamwili za mitokondria, zilizoelezwa na watafiti wa London mwaka 1965, hupatikana kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa kolanjaitisi ya msingi.

Pamoja na umuhimu huo, kingamwili ni ushahidi, si hukumu. Zile za kiini huonekana kwa kiwango cha chini hata kwa watu wenye afya, na zile za mikrosomu kwa baadhi ya wagonjwa wa homa ya ini C. Aidha, kukosekana kwake hakuondoi ugonjwa. Vigezo vilivyorahisishwa vya mwaka 2008 vya kutambua homa ya ini ya kujishambulia vinadhihirisha jambo hili: kingamwili hupewa alama zisizozidi 2, sawa na imunoglobulini G, sura ya tishu ya ini, na kutokuwapo kwa homa ya ini ya virusi. Alama 6 humaanisha ugonjwa unadhaniwa kuwapo. 7 au zaidi, umethibitika. Kingamwili pamoja na kutokuwapo kwa virusi hufikisha alama 4 tu, na uthibitisho haupatikani bila kipande cha ini kuchunguzwa.

Katika Afrika Mashariki, ambako homa ya ini B imeenea, suala hili lina uzito wa pekee. Prednisoloni ikitolewa kwa sababu ya kingamwili pekee, kabla ya virusi kupimwa, huweza kuviamsha na kulidhuru ini lililokusudiwa kuokolewa. Hivyo basi, jibu la maabara lisomwe sambamba na vipimo vya virusi, imunoglobulini na tishu, wala lisitangulizwe mbele yake.