Baba "strict" si baba "harsh"

Sisi watu wa pwani tuna neno moja, mkali, nalo linatutosha kwa mengi. Kisu kikali, jua kali, siki kali, mbwa mkali, dawa kali, mwalimu mkali. Siku hizi vijana wameongeza lao, mchezaji mkali ni yule hodari. Tukizungumza wenyewe kwa wenyewe hapotei mtu, maana sauti na uso wa msemaji vinamaliza kazi. Taabu inakuja pale mtoto wa "baba mkali" anapokaa darasani Muscat, Dubai au London akaambiwa aandike habari za baba yake kwa Kiingereza. Kiingereza hakina mkali. Kina "strict", "firm", "stern", "rigid", "harsh", "severe", "stubborn" na mengineyo, na kila moja limebeba hukumu yake. Ukishachagua neno umeshahukumu, utake usitake.

Nimesomesha Kiingereza miaka zaidi ya 30, mingi katika sekondari ya misheni, na mpaka leo wajukuu wa jamaa na marafiki hunitumia insha zao kwa WhatsApp nizipitie. Binti mmoja wa miaka 15 anayesoma Uingereza aliandika kwamba baba yake ni "a harsh and rigid man". Nikampigia simu. Baba anafanya nini hasa? Akanambia, "Babu Mwalimu, hataki nitoke baada ya Maghrib, na simu yangu lazima iwe sebuleni ikifika saa tatu usiku." Anakupiga? "Hata siku moja." Anakutukana? "Ah, baba huyo? Kutwa kunitania." Na siku ya harusi ya binti ami yako? "Siku hiyo aliniruhusu mpaka saa sita." Basi huyo, mjukuu wangu, si "harsh" wala si "rigid". Huyo ni "strict", tena Waingereza wana msemo wao wa kumsifu mtu kama huyo, "strict but fair".

"Strict" asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukaza, kama mtu anavyokaza kamba. Mtu "strict" ana kanuni, kanuni zake zinajulikana, na anataka zifuatwe. Neno halisemi kama ana hasira wala kama hakupendi. Na angalia kiungo kinachofuata: "strict about" kwa jambo, "strict with" kwa mtu. "He is strict about homework", "she is strict with her sons".

"Harsh" ni habari nyingine kabisa. Ni ukali unaoumiza: maneno ya kuvunja moyo, adhabu kubwa kuliko kosa. Na hapa wazee walioko Uingereza wanisikilize vizuri. Katika shule za huko kila mfanyakazi akiingiwa na wasiwasi kwamba mtoto anateswa ana wajibu wa kumwarifu mwalimu aliyewekwa maalumu kwa usalama wa watoto. Sisemi neno moja la insha litaleta polisi mlangoni, hapana. Lakini mwalimu akisoma "my father is harsh" kisha akamwita mtoto pembeni kumuuliza maswali, hana kosa. Anafanya kazi yake.

Tuseme na upande wa pili, maana nao upo. Mkali wetu huyu anasitiri mengi. Mume anayepiga mkewe, utasikia "mzee yule mkali kidogo". Mwalimu aliyechapa watoto mpaka ngozi ikachubuka, miaka 40 baadaye tunacheka barazani, "Mungu amrehemu, alikuwa mkali wallahi". Kwa Kiingereza huwezi kupita na neno hilo hilo. Mtu huyo si "strict". Ni "harsh", pengine ni "cruel". Kwa hiyo mtoto akiandika hivyo na ndiyo hali ya nyumbani kwao, asifutiwe neno lake kwa ajili ya kulinda jina la ukoo. Mimi huuliza kwanza, kalamu nyekundu baadaye. Na nikishajibiwa, mara nyingine kalamu naiweka chini.

Turudi kwa "rigid". Nalo ni la Kilatini, maana yake ni kitu kilichokauka kisichopindika. Madaktari wanapotaja maiti iliyokakamaa husema "rigor mortis", ni ukoo huo huo. Baba "rigid" kwake saa tatu ni saa tatu hata kama bibi yuko hospitalini mahututi na simu ndiyo pekee ya kuulizia. Kasoro yake si kwamba ana kanuni. Kasoro ni kwamba kanuni haioni wala haisikii. "Inflexible" ni jirani yake wa mlango kwa mlango.

Ajabu ni kwamba "rigid" ana binamu anayesifiwa kila mahali, "rigorous". Mafunzo "rigorous" ni mafunzo ya kina, yaliyopimwa, yasiyokubali kazi ya ovyo. Vijana wetu wanaoomba vyuo vikuu huandika "I received rigid training" wakikusudia mafunzo makali, na msomaji anaelewa mafunzo ya kukariri yasiyobadilika. Wengine wanaandika "vigorous", yaani ya nguvu nyingi, kama mtu aliyekuwa akipigishwa kwata. Kuna na "stringent", dada yake "strict" kwa asili, lakini hilo ni la sheria, masharti na vipimo. Mwalimu hawi "stringent".

"Stern" tazama uso na sauti tu. Nilifanya kazi na mwalimu mmoja uso wake kama kadhi anayesoma hukumu, wanafunzi wanatetemeka akiingia, lakini daftari za wiki nzima hazikusanyi. "Stern", si "strict". Na bibi mmoja wa hesabu alikuwa akitabasamu muda wote, ila ukichelewa dakika moja mlango umefungwa. Huyo ndiye "strict".

Kati ya "firm" na "stubborn" tofauti mara nyingi haiko kwa anayesemwa, iko kwa anayesema. Mwanafalsafa Bertrand Russell alilifanyia mzaha jambo hili katika redio ya BBC mwaka 1948, akalinyambua kama kitenzi: nafsi ya kwanza ana msimamo, ya pili ni mkaidi, ya tatu ni mjinga mwenye kichwa kigumu. Kwetu mkaidi ni neno la kumshusha mtu, anaambiwa mtoto. Nani atamwita baba yake mkaidi? Lakini "my grandfather is stubborn" Mwingereza anaweza kusema kwa mapenzi kabisa. Kuna pia "adamant", la mtu aliyekataa katakata kuhusu jambo moja. Linatoka kwa Kigiriki, neno lile lile lililopita kwa Waarabu likatufikia sisi kuwa almasi.

Watoto waliozaliwa Ghuba wana mtego wa ziada kwa sababu wanafikiri kwa Kiarabu. "Saarim" linaelekea "strict", na asili yake ilikuwa sifa ya upanga unaokata, sawasawa na kisu chetu kikali. Lakini "mutashaddid" ukilipeleka kwa Kiingereza bila uangalifu unaangukia "extremist", neno la taarifa ya habari. Baba anayeswali swala tano na asiyetaka pombe mezani kwake si "extreme". Hata "a strict Muslim" mimi silipendi, maana msomaji wa Ulaya hupata picha ya nyumba iliyofungwa madirisha. "Practising" linatosha. Ukitaka la heshima zaidi lipo "devout".

Na wanaotafuta kazi: matangazo mengi yanataka mtu "flexible", nawe unaandika "I am very strict", umejifungia mlango mwenyewe. Litaje jambo lenyewe. "I am strict about safety" kwa msimamizi wa ghala au wa kiwanda ni sifa. Mhasibu aandike "rigorous" kwa kazi yake, na "firm" kwa wateja wanaochelewa kulipa.