Supu ya bowa na karanga: tuliyoandika kando ya nkambo

Mvua zimeanza, na kandokando ya barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa tunaona tena mabeseni ya bowa, yaani uyoga. Kwetu Katuba, bowa ni supu ya karanga, na supu hiyo ni ya nkambo. Aliipata kwa mama yake, akaipika miaka yote bila kuandika neno. Kipimo chake ni kiganja.

Mwaka uliopita macho ya nkambo yalipunguka, akaacha kupika. Sisi wajukuu tukasema: tunaijua, tumeila toka utoto. Tukawasha mbabula. Unga wa karanga ukafanya madonge, mchanga ukalia kwenye meno. Nkambo akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza kwa upole: "Nani amewafundisha hivi?" Tukanyamaza. Sisi tunaofundisha watoto wa watu kuandika, hatukuwa tumeandika cha kwetu.

Siku ya Mungu iliyofuata tukamkalisha kwenye kiti karibu na mbabula. Kila alichochota kwa kiganja, tulikimwaga kwanza ndani ya kikombe, tukapima, ndipo kikaingia chunguni. Haya ndiyo tuliyoandika, kwa watu 6:

Bowa mbichi sahani 2, unga wa karanga mbichi zilizotwangwa, kikombe 1, nyanya 2, kitunguu 1, maji vikombe 4, chumvi. Mafuta hayahitajiki, karanga zina yao.

1. Kwangua udongo kwenye mizizi ya bowa kwa kisu. Osha mara 3 katika maji yenye chumvi, usiloweke. Pasua kwa mikono.
2. Chemsha bowa, nyanya, kitunguu na chumvi katika vikombe 3 vya maji, dakika 15.
3. Koroga unga wa karanga katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka ulainike. Hapa ndipo tulipokosea: tuliumwaga mkavu katika maji ya moto.
4. Mimina polepole ukikoroga. Punguza moto, acha dakika 30, ukikoroga kila mara isiungue chini wala kufurika. Mafuta yakipanda juu, imeiva. Kula na bukari.

Angalisho kwa mama wote: tununue bowa tunayoijua, kwa muuzaji tunayemjua. Ile ya sumu haitambulikani kwa kuipika na kitunguu wala sarafu, na kuliwa na wadudu si alama kwamba ni njema. Sumu nyingine haiishi kwa kupika wala kwa kukausha, na kutapika kunaweza kuanza baada ya saa 6 au zaidi. Mtu akiugua, apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya chakula.

Nkambo alituuliza jambo moja zaidi: kwa nini siku hizi bowa inatoka mbali? Iko bowa inayoota juu ya vichuguu, kwa sababu mchwa wenyewe wanailima ndani. Kofia ya ile kubwa kuliko zote yaweza kufika metre 1. Lakini ile ndogo ya rangi ya njano inaishi na mizizi ya miti ya miombo. Mti ukikatwa, nayo inakwisha. Na miti hiyo inakatwa kwa ajili ya makala. Tulitazama mbabula yetu, tukaona aibu kidogo: tulikuwa tunapika bowa kwa moto unaoimaliza. Hatuna umeme wa kila siku, kwa hiyo makala hatujayaacha. Ila sasa tunafunika chungu, tunaloweka maharagi usiku, na mbabula ikimaliza kupika tunaizima na kutunza makala yaliyobaki.

Juma hili, kila mmoja wetu akae na nkambo, mama au shangazi, akiwa na daftari na kikombe. Chakula kimoja tu. Tukikutana, tusomeane. Nkambo wetu alionja chungu cha pili, akaomba aongezewe.