MTOTO HUPATAJE MANENO?

Mama amemfunga mtoto mgongoni tangu asubuhi. Amechota maji, ametwanga sombe, amepika, na katika saa hizo zote hakumwambia neno ila moja: "Nyamaza!" Ukimwuliza sababu atajibu, "Huyu hajui kusema bado, nitaongea naye nini?" Hapo ndipo tunapokosa. Mtoto haanzi kusema ndipo aongeleshwe. Huongeleshwa kwanza, ndipo aseme.

Masikio yake yalianza kusikia sauti yako, mama, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Maneno anayosikia huyaweka akiba, kama mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moto. Kwa kawaida neno la kwanza hutoka karibu na mwezi wa 12, na akifika miaka 2 huunganisha mawili: "Mama, maji."

Kitabu cha picha ni kizuri, lakini kama huna, jiko unalo. Unapochambua sombe, mpe jani moja mkononi, useme: "Hili ni jani. Jani la sombe. Sasa tunatwanga." Akinyosha kidole kwenye kinu na kusema "nu", usimcheke wala usimwambie amekosa. Mwitikie: "Ndiyo, kinu! Kinu kikubwa cha mama." Kisha ngoja. Wazazi wengi huuliza na kujibu wenyewe, lakini mtoto mdogo anahitaji nafasi ya kutafuta neno. Nalo neno halishiki kwa siku moja. Alisikie tena kesho, na tena sokoni, na tena anapooga.

Semeni naye lugha mnayoijua vizuri, ikiwa Kinande, Mashi, Kilega au Kiswahili. Wengine humlazimishia mtoto Kifaransa kidogo walicho nacho, naye hupata maneno machache mahali pa mengi. Kifaransa atakisoma shuleni, na lugha mbili haziharibu akili. Redio haitoshi, kwa maana haimjibu. Baba naye asiseme hii ni kazi ya wanawake: njiani kwenda shamba kuna maneno ambayo jikoni hayapatikani.

Lakini mtoto akifika miezi 18 bila neno hata moja, ama hageuki unapomwita kutoka nyuma yake, usiseme amerogwa, wala usikubali mtu amkate chini ya ulimi. Fikiri masikio. Usaha wa masikio, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani huweza kuharibu kusikia. Usitie mafuta wala maji ya majani ndani ya sikio. Mlete siku ya kupima watoto, umwambie munganga aliugua nini, na tangu lini sikio linatoa usaha. Na kama ikionekana kweli hasikii, msimfiche chumbani wageni wanapokuja. Aketi penu mnapokula, mumtazame usoni mnaposema, mumwonyeshe kwa mikono. Mtoto asiyesikia huweza kujifunza lugha ya ishara, na akianza akingali mdogo huishika upesi.